Wewe U Yeye Yule: namna ya kumshika Mungu asiyebadilika nyumba inapokuchosha

Bomba lililo chini ya sinki letu limevuja mara nne mwaka huu. Mara ya nne ilikuwa jioni. Nguo za shule zilikuwa bado kwenye kamba na wingu limeshatanda, mtoto wa kati anatafuta kiatu cha mguu mmoja, mama mkwe ananiuliza kwa mara ya sita leo ni siku gani, nami nimepiga magoti mbele ya kabati na ndoo na tambara, maji yananichuruzika mpaka viwikoni. Fundi alikuwa ameahidi kuja asubuhi ile. Aliahidi pia jana yake, na kabla ya hapo aliahidi Jumamosi. Nikaketi pale pale kwenye maji nikalia.

Sikuwa na msiba. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Na hilo ndilo lililoniuma kupita yote, kwamba imani iliyonibeba nilipomzika baba yangu ilishindwa kunibeba mbele ya bomba.

Baadaye nilielewa kwa nini. Msiba mkubwa huja na watu. Wanakaa nawe, wanaimba, wanaomba, wanakushika mkono. Kero za nyumbani unazibeba peke yako, tena unaona haya kuzitaja, kwa sababu ni nani atakayekuja kuomba nawe juu ya kiatu kilichopotea? Kwa hiyo zinarundikana kimyakimya, na siku moja kitu kidogo kabisa kinakuangusha. Haya ninayoyaandika nimeyafanya mwenyewe, jikoni na uani, kwa miaka miwili sasa. Mengine niliyojaribu hayakunifaa na nimeyaacha. Haya yamebaki.

Funga koki kwanza

Ukikuta maji yanamwagika, funga koki kuu. Ukisikia harufu ya kuungua, zima jiko. Kuomba kutafuata. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani mtu wa kiroho husimama kwanza akaomba, na nikawa najisikia mkosefu kila nilipokimbilia ndoo kabla ya kumkimbilia Mungu. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wakamtishia, anasema waliomba na wakaweka walinzi, vyote viwili katika sentensi moja. Mkono wako kwenye koki si upungufu wa imani.

Tena punguza kero unazoweza kupunguza. Sisi tulipigilia misumari mitatu nyuma ya mlango kwa ajili ya funguo, na ugomvi wa funguo ukapungua sana. Tuliwaonyesha watoto wote koki kuu ilipo na inazungushwa upande gani. Usiombe Mungu akupe uvumilivu wa jambo ambalo msumari unaweza kulimaliza.

Lakini hapa kuna mtego, nami niliuingia. Bomba likipona unasema, "Mungu ni mwaminifu." Likivuja tena unasema nini? Bila kujua, nilikuwa nimeufunga uaminifu wa Mungu kwenye kile kipira kidogo cha ndani ya koki, na kipira kilipochakaa, moyo wangu nao ulichakaa. Yote yaliyobaki katika mwongozo huu yanatokana na kufungua fundo hilo.

Mlalamikie Mungu, na utaje kitu chenyewe

Ukishafunga maji, au ukishajua kwamba kiatu hakionekani na muda umekwisha, mwambie Mungu kilichotokea. Usiseme, "Bwana, maisha ni magumu." Sema, "Bwana, bomba limevuja tena, fundi hakuja, na nimechoka mpaka mgongoni." Taja kitu. Malalamiko ya jumla hayana mahali pa kupokelea faraja, ni kama kumwambia daktari unaumwa bila kumwonyesha wapi.

Aliyenifundisha hili ni mtu wa Zaburi ya 102. Zaburi hiyo yenyewe inajitambulisha mwanzoni kuwa ni maombi ya mtu aliyeelemewa, anayemimina malalamiko yake mbele za Bwana. Haoni aibu kutaja vitu. Anasema amesahau kula. Hapati usingizi, amekuwa kama shomoro aliye peke yake juu ya paa. Anazungumzia mifupa yake. Kisha, akiwa bado katika hali hiyo hiyo, anageuka na kumtazama Mungu, na maneno yake katika aya ya 26 na 27 ndiyo yaliyonishika nikiwa nakunja nguo:

"Hizi zitaharibika, bali Wewe utadumu, naam, hizi zitachakaa zote kama nguo, na kama mavazi utazibadilisha, nazo zitabadilika. Lakini Wewe U Yeye yule. Na miaka yako haitakoma."

Hizo zinazoharibika ni mbingu na nchi. Alitaka kueleza jinsi ulimwengu wote unavyochakaa, na mfano alioutafuta akaupata kwenye kapu la nguo! Shati lililopauka begani, suruali iliyotoka magoti, shuka lililokwisha katikati mpaka unaona mkono upande wa pili. Mimi huvishika vitu hivyo kila wiki. Nilikuwa nikiviona kama ushahidi kwamba sifiki popote, kwamba nafua, nashona, na bado vinaisha. Zaburi inasema vinaisha kwa sababu ndivyo vilivyo, na kwamba hata nyota ziko kwenye kapu hilo hilo. Asiyekuwamo kapuni ni mmoja. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya kwanza, anayachukua maneno haya haya na kumwelekezea Kristo, ndiyo maana nayasema nikiomba kwa jina lake bila wasiwasi wowote.

Binti yangu mdogo alinisikia siku moja akauliza, "Mama, 'U' ni nini?" Nikamwambia ni Kiswahili cha zamani kidogo, maana yake "wewe ni". Wewe ni yeye yule. Sasa analisema vizuri kuliko mimi, hasa akiwa amekasirika.

Basi fanya hivi. Ukikunja nguo, ile iliyochakaa kuliko zote iweke juu. Ishike kwa muda wa pumzi moja, sema malalamiko ya siku hiyo, kisha useme, "Lakini Wewe U Yeye yule." Mimi sina haja ya kusema zaidi ya hapo. Siku nyingine ndiyo sala yote niliyo nayo.

Maswali mawili ya mlangoni

Njia hii naitumia nikiwa nimesimama, muda hakuna, na hasira iko kooni. Najiuliza kwanza, kimebadilika nini? Nakitaja: ratiba imevurugika, umeme umekatika katikati ya kupiga pasi, mvua imenyesha juu ya nguo zilizokuwa zimekauka. Halafu najiuliza, hakijabadilika nini? Na hapo nakataa kujibu kwa maneno makubwa. Najibu, "Mungu aliyenisikia asubuhi bado ananisikia."

Nabii Malaki ana neno zuri sana katika sura ya 3, aya ya 6: "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu, ndio maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Ukilitoa mahali pake unaweza kudhani liliandikwa kwa watu watulivu. Sivyo. Waliosemeshwa walikuwa wanung'unikaji, watu waliofika kusema kwamba kumtumikia Mungu hakuna faida. Mungu hawaambii kwamba hakubadilika kwa sababu wao walikuwa wema. Anasema kwamba wao wapo bado kwa sababu yeye habadiliki.

Neno kigeugeu linanigusa kwa sababu najua anayestahili kuitwa hivyo nyumbani kwetu. Vitasa ni vigeugeu, taa ni vigeugeu, fundi aliyeahidi mara tatu ni kigeugeu, lakini watoto wangu wakiulizwa wangenitaja mimi. Asubuhi nacheka, saa mbili baadaye natoa sauti ambayo wenyewe wanaijua, na hawajui ni mama yupi atakayefungua mlango wakirudi. Nilipolikubali hilo, aya ile ilipata uzito mpya. Nisingeweza kumtegemea Mungu mwenye tabia kama yangu ya saa kumi na moja jioni.

Kuosha vyombo kwa Zaburi ya 136

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipopata msaada mkubwa kuliko mahali pengine pote.

Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inaishia na maneno yale yale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mara 26. Nilipokuwa msichana iliniudhi. Niliona mwandishi angeweza kusema mara moja tukaelewa. Sasa nina sinki lenye vyombo mara tatu kwa siku, kila siku, na nimeelewa kwamba jambo linalorudiwa linahitaji neno linalorudiwa. Ni zaburi ya kuitikiana, mmoja anataja tendo la Mungu, wengine wanajibu. Unaweza kuiimba ukiwa na mtu wa kukausha vyombo pembeni yako, wewe unataja, yeye anaitika.

Lakini ya maana zaidi ni mpangilio wake. Inaanza na mambo makubwa kabisa: mbingu, nchi iliyotandazwa juu ya maji, jua, mwezi. Inaingia Misri, inapita katikati ya Bahari ya Shamu, inavuka jangwa, inawaangusha wafalme, inawataja kwa majina Sihoni na Ogu. Kisha sauti inashuka. Aya ya 23 inasema alitukumbuka katika unyonge wetu. Na aya ya 25, moja tu kabla ya mwisho, inasema huwapa chakula wote wenye mwili. Chakula! Baada ya bahari kupasuliwa na wafalme kuanguka, tunafika mezani. Na jibu la mezani ni lile lile lililojibiwa juu ya jua. Hakuna fadhili za daraja la pili kwa ajili ya jikoni.

Namna ninavyofanya: nimeinakili zaburi nzima kwa mkono kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya sinki, mahali ambapo maji hayafiki. Chombo kimoja, aya moja. Nikifika kwenye sufuria iliyoungua, ile ya kukwangua, narudia aya ya 23 mpaka itakate. Vyombo vikiwa vichache naishia njiani, na mlo unaofuata naanzia nilipoachia. Usijilazimishe kuhisi kitu. Siku nyingi sihisi chochote, nasugua na kusema. Kinachotokea ni kwamba katikati ya wiki, nikiwa mahali pengine kabisa na jambo lingine limeharibika, ulimi wenyewe unasema "fadhili zake ni za milele" kabla sijapata nafasi ya kusema lile lingine.

Shauri langu: funga neno kwenye mahali, usilifunge kwenye saa. Nilijaribu miaka mingi kuwa na saa maalumu ya maombi, na kila ilipovurugwa na mtoto mwenye homa au mgeni nilijiona nimeshindwa, nikaacha kwa majuma mazima. Saa inaibwa. Sinki haliibwi, liko pale pale na vyombo vipo.

Usijaribu kuweka akiba

Kuna kosa nililolifanya baada ya kuanza kupata nafuu. Nilipata asubuhi moja tamu sana, nyumba imelala, nimesoma, nimeomba, moyo umejaa. Nikasema, sasa nimepona, sitapayuka tena. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa nimeshapayuka. Nikakata tamaa kuliko mwanzo.

Kilichonisaidia ni habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka sura ya 16. Walikusanya kila asubuhi, kila mtu pishi moja. Wapo waliobakiza mpaka kesho yake, ikaingia mabuu ikanuka. Siku ya sita tu ndipo walipokusanya maradufu, na ile ya sabato haikuoza. Chakula hicho kiliendelea miaka 40. Nilipiga hesabu siku moja nikikunja nguo: asubuhi sita kwa juma, miaka 40, ni kama asubuhi 12,000. Mungu alikuwa yule yule asubuhi zote hizo, na bado, ukiacha sabato, hakuna hata asubuhi moja ambayo mtu aliamka akala ya jana.

Nilikuwa nimeelewa vibaya maana ya kutobadilika. Nilidhani ni kama jabali, kitu kilichokaa kimya mahali pamoja, ukishakifikia umefika. Kumbe ni kama mama anayeamka kila asubuhi kwa ajili ya mtoto. Habadiliki, na kwa sababu habadiliki, anaamka tena. Ndivyo anavyosema mwandishi wa Maombolezo, sura ya 3, kwamba rehema za Bwana hazikomi, "ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Hazikomi, na ni mpya. Tunapenda kuyachukua maneno hayo peke yake, lakini yaliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu, mji uliobomolewa na Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo, na aya chache tu juu yake mwandishi analia kwamba amevunjwa meno kwa changarawe. Alikuwa na sababu za kulia kuliko mimi na bomba langu. Lakini hakuweka masharti kwamba maneno hayo yatumike kwa magofu tu.

Tena neno lenyewe la Kiebrania, emuna, linalotafsiriwa hapo uaminifu, lina ukoo mmoja na "amina" tunayoisema mwisho wa sala. Na ndilo linalotumika katika Kutoka 17 kuelezea mikono ya Musa siku ya vita na Amaleki: Haruni na Huri waliiinua, mmoja huku na mmoja huku, ikathibitika mpaka jua kuchwa. Musa alichoka, wakamkalisha juu ya jiwe. Mungu hahitaji kushikiliwa. Nikiwa nimebeba ndoo mbili na mabega yanawaka, nafikiria hiyo mikono isiyoshuka.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mguu haujagusa sakafu, omba ya siku hiyo moja. Usiombe uvumilivu wa mwaka. Mimi husema, "Baba, pishi yangu ya leo," na nanyanyuka.

Kero ikiwa ni mtu

Bomba ni rahisi. Bomba halina hisia.

Mama mkwe wangu anaishi nasi mwaka wa tatu sasa. Alikuwa mwanamke hodari, mwenye kumbukumbu kali, aliyejua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto katika ukoo. Sasa anauliza leo ni siku gani, unamjibu, anashukuru, na baada ya dakika tano anauliza. Anahamisha vitu. Kijiko utakikuta chini ya mto, miwani ndani ya kiatu. Nakiri mbele za Mungu kwamba kuna siku nilijibu swali lile la sita kwa ukali, akanyamaza, akaniangalia kama mtoto aliyepigwa bila kujua kosa lake. Sitaisahau sura ile.

Kisha ikaja siku ambayo mume wangu aliingia kutoka kazini, akamsalimia, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba" kwa adabu kabisa, akanigeukia mimi na kuniuliza, "Huyu ni nani?" Mume wangu alikwenda uani akakaa huko muda mrefu. Nilimfuata, sikuwa na neno. Usiku ule nilifungua Isaya 49, na aya ya 15 ikasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia ingawa nilikuwa nimelisoma mara nyingi: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe."

Naam, hawa waweza kusahau. Sikuzote nililisoma kama swali lisilo na jibu, mama hawezi. Lakini Mungu anakubali kwamba anaweza. Ugonjwa waweza kumfikisha hapo. Na aya inayofuata inasema amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Nilimsomea mume wangu. Hatukuzungumza. Alilichukua neno hilo kwenda nalo kazini, na ananiambia bado analo.

Kwangu mimi ilibadilisha namna ya kujibu lile swali. Nimejizoeza hivi: kila anapouliza leo ni siku gani, kabla ya kujibu navuta pumzi na kusema moyoni, "Wewe hukumsahau." Halafu najibu kwa sauti ile ile niliyojibu mara ya kwanza. Sauti ile ile ndiyo kazi yangu. Kwake hiyo ndiyo mara ya kwanza kila mara, hana kosa lolote la kurudia. Mimi siwezi kumrudishia kumbukumbu, lakini kwa dakika ile naweza kuwa mtu mmoja asiyebadilika mbele yake, na uwezo huo naukopa kwa Yeye asiyebadilika.

Siku hizi akiwa na utulivu nakaa karibu naye na kuanza Zaburi ya 136. Hajui ni siku gani. Lakini nikitaja tendo, anaitika, "Kwa maana fadhili zake ni za milele," bila kukosa hata neno. Aliijifunza akiwa mtoto, na ugonjwa haujaifikia.

Kwa watoto wadogo na vijana mambo ni mengine, nao wana mahitaji yao, lakini sauti ile ile inafanya kazi kwao pia.

Ukishapayuka

Utapayuka, nami napayuka. Usipoteze saa tatu ukijichapa moyoni, nenda ukaombe msamaha kwa mtu huyo kwa jina lake na kwa kosa lake: "Nimekusemea vibaya kuhusu kiatu. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Kisha mwambie Mungu. Yohana katika waraka wake wa kwanza, 1:9, anasema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni "mwaminifu na wa haki" hata atuondolee. Ningetegemea aseme "mwenye huruma". Amesema mwaminifu. Msamaha wako hautegemei ameamkaje leo.

Mambo matatu ya kuangalia

Usimtupie mwenzako aya akiwa kwenye maji. Nilipokuwa nimeketi pale sakafuni nalia, mtu mmoja alinipigia simu, nikamweleza, akanijibu kwa aya nzuri sana kabla sijamaliza sentensi. Nilikata simu nikiwa mpweke zaidi. Mshikie ndoo kwanza.

La pili, usimwahidi mtu kwamba kitu kitapatikana. Katika 2 Wafalme 6 kuna kijana aliyekuwa akikata mti, chuma cha shoka kikachomoka na kuzama mtoni. Alilia, "Ole wangu," kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima, na nabii Elisha akakifanya chuma kielee. Ninaipenda habari hiyo kwa moyo wote, maana inaonyesha kwamba shoka la kuazima lina nafasi mbele za Mungu. Lakini ni shoka moja. Pete yangu ya ndoa ilizama kwenye mfereji wa maji machafu mwaka jana na haijaelea. Niliilia mbele za Mungu yule yule, na alikuwa pale.

La tatu nalisema kwa uzito. Kama nyumbani mwako kuna mtu anayekupiga au kukutisha, hiyo si kero ya nyumbani na mwongozo huu haukuhusu. Toka, utafute watu wa kukulinda. Na kama kilio kinakuja kila siku kwa majuma, usingizi umekimbia na huoni ladha ya kitu chochote, nenda kwa daktari. Mungu hatakuwa amebadilika ukimkuta kwenye chumba cha daktari.

Kufunga siku

Jioni, watu wakishalala, napita nyumba nzima. Naangalia koki kama imefungwa sawasawa, jiko kama limezimwa, mlango wa mbele, mlango wa nyuma. Kwa kila kimoja nasema sehemu ya Zaburi ya 121, na mlangoni naimalizia na ile aya ya 4, kwamba hatasinzia wala hatalala usingizi yeye aliye mlinzi wa Israeli. Halafu nazima taa na kuliacha lililobaki, kwa maana lazima kuna kilichobaki. Soksi moja haina mwenzake. Kitasa cha mlango wa nyuma kimeanza kulegea.

Fundi alikuja mwishowe, siku ya Alhamisi, akabadilisha kipande chote cha bomba. Usiku ule nilipokuwa napita na kuangalia, nilisikia sauti kutoka chumba cha mwisho.

"Mwanangu, leo siku gani?"

Nikavuta pumzi, nikasukuma mlango.

"Leo ni Alhamisi, mama."